Anuani 1,200 bila ruhusa: kisa cha duka la mafuta ya alizeti Dodoma

Biashara inayochambuliwa hapa ni duka dogo lililoko Dodoma mjini, si mbali na soko la Majengo. Linauza mafuta ya alizeti yanayokamuliwa Kibaigwa, asali ya Manyoni na Itigi, karanga, unga wa ubuyu na, msimu ukifika, zabibu za wakulima wa Hombolo na Mpunguzi. Mwenye duka ni mama wa makamo aliyeanza kwa kupima mafuta kwa chupa mbele ya nyumba yake, na ambaye leo ana wasaidizi wawili dukani pamoja na mtoto wa kaka yake, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, anayemsaidia mambo ya simu na kompyuta. Jina lake na jina la duka havihitajiki ili kisa kieleweke. Kinachohitajika ni kufuatilia kwa makini jinsi alivyojaribu kuuza kwa barua pepe, kilichomwangusha mara ya kwanza, na kilichobadilika alipoanza upya, kwa sababu wafanyabiashara wengi wa kiwango chake wanaingia kwenye njia hii wakiwa na mafaili ya anuani ambayo hawajajiuliza yalitoka wapi.

Wazo lenyewe halikuwa baya. Tangu mwaka 2016 serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma, na hasa baada ya mji kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, wateja wa duka hili wamebadilika. Zamani walikuwa kina mama wa mtaani wanaonunua nusu lita na kurudi kesho. Siku hizi wapo wenye nyumba za wageni wanaochukua madumu ya lita 20, wapo wapishi wa shughuli na semina, na wapo watumishi wanaofanya kazi Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, huku familia zao zikiwa Dar es Salaam, ambao Ijumaa hupenda kuondoka na dumu la mafuta na chupa mbili za asali. Watu hawa hushinda mbele ya kompyuta, na barua pepe ni sehemu ya kazi yao. Mwenye duka alipoambiwa kwamba anaweza kuwafikia huko, aliona jambo la maana, na mimi naona hivyo hivyo.

Tatizo lilianzia kwenye orodha. Sehemu yake ilitoka kwenye daftari la wageni lililowekwa mezani katika banda lake wakati wa maonesho ya Nanenane pale viwanja vya Nzuguni, ambamo watu waliandika jina, simu na anuani ya barua pepe kama wanavyoandika katika kila banda. Sehemu nyingine ilitoka kwenye kadi za biashara zilizokuwa zimerundikana kwenye droo ya kaunta. Sehemu kubwa kuliko zote ilikuwa faili lililonunuliwa kwa mtu aliyedai kuwa na "anuani za maofisa wote wa Dodoma". Vyote vilipounganishwa zilipatikana anuani zipatazo 1,200, na kijana alifurahi kwa wingi huo.

Barua yenyewe ilikuwa bango moja la picha. Bei zote, namba ya simu na ramani ya kufika dukani vilikuwa ndani ya picha hiyo, na nje yake hapakuwa na maandishi hata mstari mmoja. Programu nyingi za barua pepe, hasa za maofisini, hazionyeshi picha mpaka mpokeaji azikubali, hivyo watu wengi waliofungua walikutana na kisanduku kitupu. Kichwa cha barua kiliandikwa kwa herufi kubwa tupu, "OFA KABAMBE MAFUTA ASALI ZABIBU", namna ambayo mtu aliyezoea kupokea barua taka huifuta bila kuisoma. Kosa lililouma zaidi, hata hivyo, lilikuwa kuwaweka wapokeaji wote kwenye sehemu ya "Kwa", badala ya sehemu ya nakala ya siri, hata kila aliyepokea akaona anuani za mamia ya wenzake.

Barua ilitumwa kutoka anuani ya bure ya Gmail, ile ile ambayo duka lilikuwa likiitumia kwa kazi za kila siku. Gmail ya bure humruhusu mtu kuwatumia wapokeaji 500 kwa siku, na anayevuka kikomo hicho huzuiwa kutuma kwa muda unaoweza kufika saa 24. Fungu la kwanza lilikwenda. La pili lilipofuatishwa, akaunti ilifungiwa, na mamia ya taarifa za barua zilizogonga mwamba zikaanza kurudi, kwa kuwa faili la kununua lilijaa anuani zilizokufa. Wakati huo huo mwenye nyumba moja ya wageni maeneo ya Area C alikuwa akisubiri proforma, yaani ankara ya awali, ya madumu ya mafuta ili aipeleke kwa mhasibu wake kabla ya saa kumi. Proforma haikutoka siku hiyo. Oda ikaenda kwa muuzaji mwingine.

Kesho yake asubuhi simu ya duka iliita. Mpigaji alikuwa mtumishi mmoja aliyewahi kununua asali mara mbili.

"Shikamoo mama. Samahani, anuani yangu mmeipata wapi?"

"Marahaba mwanangu. Si uliiandika mwenyewe kwenye daftari letu kule Nzuguni?"

"Niliandika kama mgeni, mama. Sasa naona imeanikwa pamoja na za wenzangu, na watu nisiowajua wameshaanza kuniandikia."

Mazungumzo hayo mafupi ndiyo kiini cha kisa chote. Mtu anapoandika anuani yake kwenye daftari la wageni huwa ameonyesha kwamba alifika. Hajasema aandikiwe matangazo, na sheria za Tanzania zinaitambua tofauti hiyo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakataza kumtumia mtu tangazo la biashara ambalo hakuliomba, isipokuwa awe ameridhia, tangazo lieleze mwanzoni nani anatuma na kwa lengo gani, na mpokeaji apewe njia ya kukataa mengine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakwenda mbali zaidi: taarifa ya mtu iliyokusanywa kwa lengo moja haipaswi kugeuzwa kutumika kwa lengo lingine bila ridhaa yake, na wanaokusanya na kuchakata taarifa hizo wanatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wenye maduka madogo wengi hudhani sheria hii imetungwa kwa ajili ya mabenki na kampuni za simu. Daftari la Nanenane limo ndani yake.

Ninalisisitiza jambo hili la ruhusa kwa sababu faida yake haiishii kwenye kukwepa adhabu. Makampuni yanayoendesha masanduku ya barua hupima tabia ya wapokeaji. Wengi wakibofya kitufe cha kuripoti barua taka, barua zinazofuata za mtumaji huyo hupelekwa moja kwa moja kwenye folda ya spamu, hata zile zinazokwenda kwa wateja wanaozihitaji. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zimekaza masharti haya, na Google inawataka watumaji wa barua nyingi wahakikishe malalamiko hayafiki asilimia 0.3, yaani watu watatu katika kila elfu. Duka dogo lenye orodha iliyojaa watu wasiolifahamu haliwezi kukaa chini ya kiwango hicho. Faili la kununua, kwa hiyo, linaharibu hata mawasiliano na wateja wa kweli, na ushauri wangu kwa yeyote anayeuziwa ni kulikataa hata akipewa bure.

Hatua ya kwanza ya kuanza upya ilikuwa kufuta. Faili la kununua lilifutwa lote. Kwenye daftari na kadi walibakizwa wale tu ambao mwenye duka aliwakumbuka kwa sura au kwa risiti, na hao wakapigiwa simu au kuulizwa walipofika dukani. Swali lilikuwa moja: mafuta mapya na asali vikiingia, tukuandikie kwa barua pepe? Daftari jipya likawekwa kwenye kaunta, lenye safu ya ziada inayouliza swali hilo hilo na nafasi ya mteja kuweka alama mwenyewe. Kijana alipinga, na hoja yake ilikuwa na uzito wake.

"Shangazi, tumetoka kwenye 1,200 tumebaki na 140. Hii si biashara tena."

"Hao 140 nawajua mwanangu. Wale wengine walikuwa wa nani?"

Hatua ya pili ilikuwa kutenganisha barua za matangazo na barua za kazi. Duka lilinunua jina lake la kikoa, yaani jina lake la mtandaoni, linaloishia na .co.tz kwa msajili aliyeidhinishwa, likaanza kutumia anuani yenye jina la biashara badala ya Gmail ya bure. Hatua hii ilikuwa ya lazima, kwa kuwa katika mabadiliko hayo ya mwaka 2024 Google ilitangaza pia kwamba barua inayojitambulisha kwa anuani ya gmail.com huku ikitumwa na mfumo mwingine itashukiwa na kutengwa. Anayetaka kutumia huduma yoyote ya kutuma barua kwa wengi anahitaji kikoa chake mwenyewe.

Kisha zikawekwa rekodi tatu kwenye mipangilio ya kikoa, zinazojulikana kwa vifupisho vya SPF, DKIM na DMARC. Majina yake yanatisha kuliko kazi yake. SPF hutaja ni seva zipi zimeruhusiwa kutuma barua kwa jina la kikoa chako. DKIM huweka sahihi ya kidijitali inayothibitisha kwamba barua haikubadilishwa njiani. DMARC humwelekeza mpokeaji afanye nini na barua inayoshindwa vipimo hivyo: aipokee, aitenge au aikatae. Barua ya ofisi isiyo na muhuri wala sahihi hurudishwa masjala hata kama maneno yake ni ya kweli, na barua pepe ya biashara isiyo na rekodi hizi hutendewa vivyo hivyo. Kuziweka ni kunakili mistari michache kutoka huduma ya barua na kuibandika kwenye ukurasa wa kikoa, na mtu asiyejua kompyuta sana anaweza kulifanya akisimamiwa.

Kuhusu huduma ya kutumia, yalitazamwa majina mawili. Mailchimp ya Marekani, ambayo tangu 2021 ni mali ya kampuni ya Intuit, ndiyo inayotajwa zaidi, lakini mpango wake wa bure umebanwa mara kadhaa. Brevo ya Ufaransa, iliyoitwa Sendinblue mpaka mwaka 2023, hutoa barua 300 kwa siku bila malipo. Kwa orodha ya watu 140 kikomo hicho kinatosha kabisa, na duka likaichagua. Sidhani uchaguzi huu ulikuwa na uzito mkubwa. Huduma yoyote inayoweka kiungo cha kujiondoa chini ya kila barua, inayoondoa yenyewe anuani zilizokufa, na inayoruhusu kugawa wapokeaji katika makundi, ingefaa.

Kugawa makundi, kwa upande mwingine, kulikuwa na uzito sana, na hapo ndipo mwenye duka alipoonyesha ujuzi ambao kijana hakuwa nao. Kijana alitaka makundi kwa umri na jinsia, kama alivyosoma. Shangazi yake alitaka yagawanywe kwa namna mtu anavyonunua. Kundi la kwanza ni wanaonunua kwa karatasi: nyumba za wageni, migahawa, shule binafsi, waandaaji wa semina, ambao kabla ya kulipa wanahitaji proforma, risiti ya mashine ya kodi (EFD) na uhakika kwamba bidhaa ina alama ya ubora ya TBS. Kundi la pili ni wanaosafiri na mzigo, yaani watumishi wenye familia Dar es Salaam pamoja na wageni wanaofurika mjini wakati wa Bunge la bajeti, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Wateja wa mtaani wanaonunua kwa chupa hawakuwekwa kwenye barua pepe kabisa. Hao wanatazama hali ya WhatsApp ya duka kila siku, na kuwahamishia kwenye barua pepe kungekuwa kuwapa shida wasiyoiomba.

Uamuzi huo ndio ninaouona kuwa bora kuliko mengine yote katika kisa hiki. Mafunzo mengi ya uuzaji wa barua pepe yameandikwa kwa mazingira ambamo kila mnunuzi ana sanduku la barua analolifungua asubuhi. Dodoma ina wanunuzi wa namna hiyo, lakini ni wale ambao ununuzi wao unaacha karatasi. Kwao barua pepe ni mahali pa kawaida pa kufanyia biashara, kwa sababu proforma itapita humo humo, mhasibu ataichapisha na kuiweka kwenye faili. Kwa mnunuzi wa nusu lita barua pepe haina kazi yoyote.

Tumaini moja la kijana ilibidi lizimwe mapema. Alidhani barua nzuri ingeweza kuwapatia zabuni ya wizara. Taasisi za umma hununua kupitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, tangu mwaka 2023, na anayetaka kuziuzia anajisajili humo na kushindana humo. Barua ya tangazo kwa afisa ugavi haimsaidii muuzaji, na inaweza kumweka afisa huyo mahali pagumu. Watumishi waliobaki kwenye orodha ya duka wamo kama watu binafsi wanaonunulia nyumba zao, na wengi waliombwa watoe anuani zao binafsi badala ya zile za ofisi.

Barua ya kwanza chini ya utaratibu mpya ilikwenda kwa kundi la wanunuzi wa karatasi peke yake, mwezi Julai, mbegu za msimu zilipokwisha kuvunwa na mashine za Kibaigwa kuanza kukamua. Haikuwa na picha. Kichwa chake kilikuwa "Mafuta mapya ya Kibaigwa yameingia, madumu ya lita 20", na maneno yake yalikuwa haya:

"Ndugu mteja wetu, habari za kazi. Mafuta ya alizeti ya msimu huu yamefika dukani jana. Yamechujwa, na bei ya dumu la lita 20 ni ile ile ya msimu uliopita mpaka mwisho wa mwezi. Ukihitaji, tujibu barua hii kwa kuandika idadi ya madumu na jina la kuandika kwenye proforma. Proforma utaipata siku hiyo hiyo, na mzigo tunauleta mpaka mlangoni kwa walioko mjini. Unapokea barua hii kwa sababu ulituruhusu tukuandikie dukani. Usipotaka tena, bofya kiungo kilicho chini, nasi hatutakuandikia."

Inafaa kutazama jinsi barua hii inavyofanya kazi. Inatoa habari ambayo mpokeaji hakuwa nayo, kwamba mafuta mapya yamefika. Inamtaka afanye jambo moja tu, nalo ni kujibu kwa idadi na jina. Inamwondolea mashaka ya mhasibu kabla hajayauliza. Ni nyepesi, kiasi kwamba hufunguka kwenye simu yenye mtandao dhaifu bila kula bando. Mtu mwenye haraka anaimaliza akiwa amesimama.

Majibu hayakufurika. Wachache waliagiza siku ile ile, wengine walijibu kwa swali la bei ya asali, na mmoja akaomba aondolewe, naye akaondolewa. Mwenye nyumba ya wageni ya Area C, aliyekosa proforma mara ya kwanza, alirudi. Kundi la wasafiri liliandikiwa baadaye, zabibu za mavuno ya Agosti na Septemba zilipoanza kushuka kutoka mashambani, na barua yao ilitumwa Jumatano asubuhi ili anayeondoka Ijumaa, awe wa basi au wa treni ya SGR, apate nafasi ya kuagiza na kukuta mzigo umefungwa. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo kundi hili lina sababu mbili za asili za kuandikiwa kwa habari ya zabibu, na ninapendelea ratiba ya namna hiyo kuliko ile ya "kila Jumatatu" inayomlazimisha muuzaji kutafuta la kusema wakati hana. Kijana alikuwa amependekeza barua kila wiki. Walikubaliana isizidi moja kwa mwezi.

Katika kupima matokeo kulitokea mkanganyiko mwingine. Ukurasa wa huduma ulionyesha kwamba barua zilifunguliwa na watu wengi mno, na kijana akaona mafanikio. Takwimu ya kufungua, hata hivyo, hupatikana kwa kuhesabu kijipicha kisichoonekana kinachopakuliwa barua inapofunguliwa, na tangu mwaka 2021 programu ya barua ya Apple hupakua picha hizo yenyewe kwa watumiaji waliowasha ulinzi wa faragha, hata kama mtu hajaisoma barua. Kwa upande mwingine, kompyuta za ofisini zinazozuia picha hazihesabiwi hata pale mtu anaposoma mpaka mwisho. Namba hiyo inaongezeka na kupungua kwa sababu zisizohusiana na biashara. Duka likaamua kuhesabu vitu viwili tu: barua zilizojibiwa, na proforma zilizogeuka kuwa malipo. Mwenye duka huviandika kwa kalamu kwenye daftari la mauzo, pembeni ya jina la mteja, na daftari hilo linamweleza zaidi kuliko grafu za rangi.

Yamebaki mambo mawili ambayo hayajakaa sawa. Usajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi bado haujakamilishwa, ingawa daftari la ridhaa lililoko kwenye kaunta linaifanya kazi hiyo kuwa nyepesi. La pili ni umiliki. Kikoa cha duka kilisajiliwa kwa jina la kijana na kwa namba yake ya simu, na nywila ya huduma ya barua anayo yeye peke yake, kwa nia njema kabisa, kwa sababu ndiye aliyekuwa ameketi mbele ya kompyuta siku hiyo. Kikoa hulipiwa kila mwaka, na taarifa ya kwamba muda unakwisha huenda kwa aliyesajili. Kijana anamaliza masomo mwaka huu na anatafuta kazi Mwanza. Wamekubaliana kwamba kabla hajaondoka usajili uhamishiwe kwenye jina la biashara, namba ya simu iwe ya duka, nywila ziandikwe na kufungiwa pamoja na leseni na vyeti vya TBS, na msaidizi mmoja wa dukani afundishwe kuandika barua, kuituma na kumwondoa kwenye orodha mteja anayeomba.